Mgeni Aliyetukaribisha Bandarini Kwetu

Boti ilipoupita mnara wa taa wa Chumbe, vijana wa kazi walianza kupita baina ya viti wakigawa mifuko ya kutapikia. Ilikuwa Jumapili, tarehe 13 Aprili 2025, wiki mbili baada ya Idi, na upepo wa kusi ulikuwa umeanza kujitambulisha. Madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinavuma, runinga mbele yetu inaonyesha filamu. Mtoto wa kike wa jirani yangu alitaka kuchungulia nje. Mama yake akamwambia aangalie filamu, bahari itamtapisha. Marehemu baba yangu alikuwa baharia wa majahazi, na alitufundisha kinyume cha hayo: ukianza kuchafukwa, tupa macho mbali, pale maji yanapokutana na mbingu, uyaache hapo hapo. Nikamwambia yule mama kwa upole. Akashukuru, akampisha mtoto dirishani. Tukavuka hivyo sote watatu, macho mbali, mpaka ilipochomoza minara ya makanisa ya Dar es Salaam, na nyuma yake majengo ya vioo yaliyoipita urefu.

Nilikuwa nimealikwa kwenye manowari.

Mwaliko haukuwa wangu. Rafiki yangu wa tangu skuli, ambaye tunaitana somo kwa kuwa jina letu ni moja, alipata kadi mbili za hafla ndani ya meli ya kivita ya India, INS Chennai, iliyofunga gati bandarini Dar. Mumewe alikuwa safarini, akanipigia simu. "Somo, njoo," akaniambia. "Wewe binti wa baharia, utanionyesha wapi mbele na wapi nyuma." Ukoo wake ulitoka Mandvi, katika eneo la Kutch huko India, ukaja na majahazi, yeye mwenyewe kazaliwa Unguja, Kiswahili chake ni cha Mkunazini hasa, na tangu aolewe yuko Dar.

Kwa somo huondoki na njaa hata kama unakokwenda utalishwa. Nilikuta bajia za dengu na chatne ya nazi, mhogo wa kukaanga uliopakwa pilipili na ndimu, na chai ya maziwa iliyokolea iliki. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kitandani akihesabu tasbihi. Ana zaidi ya miaka themanini. Tulipomwamkia akatushika vichwa, akauliza tunakwenda wapi tumejipamba hivyo. Somo akamweleza. Yule bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu: "Meli hiyo imechukua siku ngapi kuja?"

Sikuwa na jibu. Akatuambia kwamba yeye alikuja akiwa na umri wa miaka minane, jahazini, pamoja na baba yake, kwa upepo wa kaskazi. Maji ya kunywa yalikuwa ndani ya tangi la mbao na kila mtu ana kipimo chake. Walikula mchele, dengu na achari ya embe siku zote, na yeye alikuwa akihesabu siku kwa kufunga mafundo kwenye ncha ya mtandio wake. Mafundo yalipita thelathini. "Nilipofika Unguja," akasema, "mtandio ulikuwa mfupi." Akanitaka nirudi na hesabu ya siku za meli hii mpya. Nikaahidi.

*

Nilitarajia ukubwa, kwa kuwa nilishasoma kwamba INS Chennai ina urefu wa zaidi ya mita 160 na uzito wa tani zipatazo 7,500. Lakini hesabu za karatasini hazikuandai kwa ule ukimya wa chuma. Meli za mizigo zina kelele na kutu, ni vyombo vya kazi kama punda na mkokoteni. Hii ilisimama gatini bila doa, rangi ya kijivu iliyofifia kama anga la masika lililokuwa juu yake, taa zimetungwa kutoka mlingotini hadi pande zote mbili. Chini ya ngazi wamesimama mabaharia waliovaa nyeupe tupu.

Kupanda ngazi ya meli kuna adabu yake. Maofisa wetu wa wanamaji kutoka Kigamboni waliotutangulia, kila mmoja alipofika juu aligeukia bendera iliyoko nyuma ya meli, akapiga saluti, ndipo akawageukia watu. Akipanda mkubwa wa jeshi, filimbi ndogo ya chuma hulia, sauti nyembamba inayopanda na kushuka, na waliopo husimama wima. Nilipoisikia nikajua ile ni hodi. Nyumba ya baharini nayo haiingiwi kimya kimya. Huko kwetu anayebisha hodi ni mgeni. Huku mwenyeji ndiye anayembishia mgeni wake, ili nyumba nzima ijue nani ameingia. Filimbi hiyo ni kazi ya msimamizi wa mabaharia, ambaye majahazini kwetu aliitwa serahangi. Luteni mmoja aliyetupokea aliponisikia nikimtajia somo neno hilo aligeuka haraka. Huko kwao pwani, alisema, mtu huyo huyo anaitwa serang.

Yule luteni alikuwa mwanamke, kijana, nywele kazifunga nyuma kwa nguvu. Alitukunjia viganja vyake kifuani kwa salamu ya Kihindi, nami nikaweka mkono wangu moyoni kama tunavyofanya, na kwa hivyo suala la kupeana mikono, ambalo hafla za kizungu hutuletea tabu sisi wanawake wengine, halikuzuka kabisa. Nilipenda jambo hilo. Watu wa bahari hii tunajua kusalimiana bila kugusana, na heshima isipungue.

Tulipita mlango mmoja wa chuma wenye kizingiti kirefu. Unainua mguu na kuinamisha kichwa kwa wakati mmoja, sawa kabisa na kuingia kwa mlango mdogo uliokatwa ndani ya milango yetu mikubwa ya Mji Mkongwe. Kisha tukatokea kwenye sitaha ya nyuma, ile ya kutulia helikopta. Walikuwa wameitandika zulia na kuitundika bendera za ishara za rangi zote, meza zimepangwa ubavuni. Sitaha ilikuwa safi kiasi kwamba mguu wangu ulisita. Mwili ulitaka kuvua viatu.

Kuhusu shughuli yenyewe nitasema kwa ufupi. India na Tanzania zilikuwa zinafungua mazoezi ya baharini yaliyopewa jina AIKEYME, ambalo limetungwa lilingane na neno la Kisanskriti lenye maana ya umoja. Majirani wa bahari nao walikuwepo: Kenya, Komoro, Msumbiji, Madagaska, Shelisheli, Morisi na wengineo. Siku za kwanza zilikuwa za bandarini, kisha tarehe 16 hadi 18 walitoka baharini kufanya mazoezi ya kupekua vyombo, kupambana na maharamia na kuwaokoa walio hatarini. Mawaziri walihutubia, tukapiga makofi. Hafla ilikuwa na wenyeji wawili kwa pamoja, jeshi la wanamaji la India na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Lakini sitaha ilikuwa yao, filimbi yao, chakula chao. Mgeni kaja bandarini kwetu na nyumba yake mgongoni, kaifungua mlango, katukaribisha ndani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui wangesema nini juu ya mwenyeji anayekwenda kula kwa mgeni wake, ndani ya mji wake mwenyewe.

Jambo hilo lilinikaa moyoni jioni nzima.

*

Sahani ya kwanza iliyopita mikononi mwa wahudumu ilikuwa sambusa. Sahani ya pili ilikuwa bajia. Ya tatu kuku wa vipande katika mishikaki midogo, na mezani kulikuwa na biriani. Mgeni mmoja wa Ulaya alikuwa akielezwa kila kitu ni nini, sisi tulikuwa tukikosoa chumvi. Mwishoni wakaleta vidonge vya rangi ya kahawia vilivyolowa shira. Somo alionja, akasema ni gulab jamun ya kawaida, mimi nikamwambia ni kaimati iliyokwenda kusoma Bombay. Akacheka mpaka akaniegemea.

Luteni alirudi kutuangalia. Nikamuuliza kwao wapi. Kerala, akajibu, kijiji cha pwani. Tukaanza na nazi, maana na sisi ni watu wa nazi. Alisema mama yake hawezi kula mchuzi wa nazi ya kopo. Akatuonyesha kwa mikono yake miwili jinsi mama anavyokaa juu ya kibao kidogo chenye ulimi wa chuma mbele, akazungusha kifuu juu ya ulimi huo. Mimi na somo tukapiga kelele pamoja: "Mbuzi!" Tulipomweleza kwamba hicho kibao kwa Kiswahili tunakiita mbuzi, jina la mnyama, aliomba tulirudie mara tatu, akaliandika kwenye simu yake ili amtumie mama.

Kisha akasema jambo lililonigusa zaidi. Nilimwambia kuwa upepo wa kusi ndio umeanza, boti ilinitikisa asubuhi. Akaniambia kwao wanausubiri huo huo. Unapotoka huku kwetu, unavuka mstari wa ikweta, unapinda kuelekea kaskazini mashariki, na mwanzoni mwa Juni unafika Kerala umebeba mvua. Mama yake hutoka nje kuinusa siku ya kwanza. Upepo unaowazuia wavuvi wetu kutoka ndio unaowapa wao mpunga. Baba alikuwa akisema kwamba kusi ni wa kuwarudisha wageni makwao, na mimi miaka yote sikuwahi kujiuliza unafika wapi ukishawafikisha.

Jua lilipokuwa linazama upande wa mji, watu wakaambiwa wasimame. Bendera ya nyuma ya meli ikaanza kushushwa, polepole, mabaharia wawili wakiipokea isiguse chini. Ni bendera mpya kwa kadiri ya umri wa bendera. Mpaka mwaka 2022 jeshi la wanamaji la India lilikuwa bado limebeba msalaba mwekundu uliorithiwa kwa Waingereza. Tarehe 2 Septemba mwaka huo waliuondoa, wakaweka ngao ya buluu yenye pande nane, iliyochukuliwa kwenye muhuri wa Shivaji, mfalme wa Wamaratha wa karne ya 17. Miaka 75 baada ya uhuru. Sikuwalaumu kwa kuchelewa. Nilifikiri juu ya neno langu mwenyewe, manowari, ambalo ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu, na namna lilivyoingia kwetu.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Unguja mwanzoni mwa karne iliyopita, na alikuwa akituambia kwamba utotoni aliiona milingoti ikiwa imechomoza majini mbele ya mji. Ilikuwa ya meli ya Sultani, Glasgow. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangamiza meli zake, Sayyid Barghash aliagiza Uskoti chombo hicho, kilichofananishwa na manowari ya Kiingereza yenye jina hilo hilo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari tano za Waingereza zilijipanga mbele ya kasri, zikafyatua mizinga kwa muda ambao wengi wanauhesabu kuwa dakika 38. Kasri likaporomoka, watu wapatao mia tano wakafa au kujeruhiwa, na Glasgow ikazama pale pale ilipotia nanga. Watalii hupenda kuambiwa kwamba hivyo ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani, nao hutabasamu. Bibi hakutabasamu. Kwake manowari ilikuwa kitu kinachokuja kimepakwa rangi vizuri, kikasimama kimya, kisha mama yake akalala chini ya kitanda akiwa mtoto.

Kwa hivyo naandika wazi: nilikuwa na furaha pale sitahani, na nilikuwa na mashaka pia. Mbele ya meli ile kuna mzinga na makombora. Mabaharia waliotuhudumia walikuwa na adabu ya kuigwa, na bado chombo walichokifanyia usafi ni cha vita. Ukarimu haukifuti kitu hicho, na mgeni mwenye akili hajifanyi hakioni.

*

Magharibi ilikuwa imeingia. Nilimwomba luteni kwa aibu kidogo kama kuna pembe ninayoweza kusali. Hakushangaa. Alituchukua kwenye chumba kidogo cha kazi, akaondoa kiti, akatandika shuka safi iliyokunjwa vizuri. Kisha akasita: kibla kiko upande gani? Meli ikishafunga gati unapoteza fahamu za pande zote, hasa ukiwa ndani ya chuma bila dirisha. Akampigia simu mwenzake wa juu, kwenye chumba cha uongozaji. Tukasubiri. Jibu lilikuja baada ya dakika moja: kutoka Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Mwenzake alikuwa ametazama dira, akaeleza upande huo unaangukia wapi ndani ya chumba tulichomo. Luteni akanyoosha mkono, akaupeleka taratibu mpaka ukaelekea kwenye kona ya kabati. "Hapo," akasema.

Nimesali kwenye viwanja vya ndege, kwenye treni, kwenye ofisi za watu. Sijawahi kuonyeshwa kibla na dira ya manowari. Kwa baba jambo hilo lingekuwa la kawaida kabisa, kwani nahodha wa jahazi ndiye aliyekuwa akiwaelekeza mabaharia kibla usiku kwa nyota na mchana kwa dira, na jahazi likibadili mwelekeo wao nao hujigeuza.

Tuliporudi nje usiku ulikuwa umeshuka. Pembeni, karibu na kamba za ukingo, alisimama kijana aliyevaa sare yenye bendera ya Tanzania begani. Alipotuona alitoa mikono mfukoni. "Shikamoo mama. Shikamoo mama." Lafudhi ya bara. Tulipomuuliza, akasema yeye ni mtu wa Kigoma, kakulia ziwani, mtumbwini na babu yake, na bahari ya chumvi aliiona mara ya kwanza alipojiunga na jeshi. Alikuwa ameingia bandarini jana yake na meli nyingine, INS Sunayna. Meli hiyo ilikuwa imechukua wanamaji 44 wa nchi tisa, Tanzania ikiwemo, wakafanya kazi pamoja na Wahindi kama wafanyakazi wa chombo kimoja. Waliandaliwa kwanza Kochi, huko India, kisha wakang'oa nanga Karwar tarehe 5 Aprili.

"Na mkafika lini?" nikamuuliza, moyo ukinienda mbio kwa ajili ya yule bibi.

"Tarehe kumi na mbili, mama."

Siku saba. Mafundo saba ya mtandio.

Nilimuuliza kilichomsumbua zaidi. Alidhani nauliza mawimbi. Mawimbi hakuyajali, Tanganyika ikichafuka ni kali, alisema, na haina swali. Kilichomshinda ni kukosa dagaa. Kila siku dengu na chapati, dengu na chapati, chakula kizuri, lakini tumbo linauliza. Mkenya mmoja waliyekuwa naye alikuwa na pakiti ya unga wa mahindi, wakaomba ruhusa jikoni, wakasonga ugali katikati ya Bahari ya Hindi, Mkomoro na Mmaldivi wakaja kuonja. Alipokuwa akisimulia alisimama tofauti, mabega yamefunguka. Kijana wa Kigoma amevuka bahari ambayo babu zangu waliivuka, naye kavuka kwa zamu yake ya usukani. Nilitaka kumkumbatia. Nilimwombea dua tu, akaitikia amina.

*

Hapo ndipo ile fikra ya mgeni na mwenyeji iliponirudia kwa nguvu. INS Chennai iliundwa Mumbai, katika karakana ya Mazagon, ikaingia kazini Novemba 2016. Kutoka mji ule ule, ulipokuwa ukiitwa Bombay, ilitoka mwaka 1833 meli ya Sultani Sayyid Said iliyoitwa Sultana. Tarehe 30 Aprili 1840 Sultana iliingia New York. Mkuu wa safari alikuwa Ahmad bin Naaman. Ilipakia karafuu, pembe za ndovu, sandarusi, ngozi, tende, kahawa na mazulia, pamoja na zawadi za kupelekewa Rais Martin Van Buren, wakiwemo farasi wawili. Watu wa New York walifurika gatini kuitazama. Ahmad alipokewa na wakubwa wa mji, mchoraji Edward Mooney akamchora na kilemba chake, na meli iliyokuwa imechakaa kwa safari ikatengenezwa na karakana ya jeshi la wanamaji la Marekani kabla ya kurudi. Sijasahau kwamba nyingi ya karafuu zile zilichumwa kwa mikono ya watumwa. Hilo ni sehemu ya habari na lisiondolewe. Lakini mwaka ule aliyefunga gati na kuwafungulia watu mlango alikuwa ametoka Unguja, na waliopanda ngazi kutazama walikuwa wao.

Sisi leo ni hodari wa kupanda ngazi. Zimekuja meli za hospitali za Wachina, za mafunzo za Wahindi, za Waingereza na Wafaransa. Tunaandaa ngoma gatini, tunavaa vizuri, tunapanda, tunakula, tunashuka. Hakuna ubaya katika kualikwa. Naona ubaya pale watoto wa pwani wanapojua manowari za watu na hawajui mkuku wa jahazi. Luteni wa Kerala alijua neno serang. Je, nikienda bandarini Malindi, Unguja, nikamuuliza kijana wa miaka ishirini serahangi ni nani, atanijibu? Niliuliza niliporudi. Niliwauliza watano, wote wa kuzaliwa mjini. Mmoja tu alijua, na babu yake ni fundi wa majahazi Nungwi.

Tulishuka mnamo saa tatu usiku. Filimbi ililia tena, si kwa ajili yetu, kwa mkubwa aliyekuwa nyuma yetu, nasi tukasimama kando kumpisha. Luteni alitusindikiza hadi mwisho wa ngazi, akanitajia tena lile neno, "mbuzi," kwa lafudhi nzuri kabisa.

Mama mkwe wa somo alikuwa bado macho. "Siku ngapi?" akauliza kabla hatujakaa. Nikamwambia saba, za ile meli ya pili, kutoka Karwar. Akazihesabu kwa vidole, akarudia kuzihesabu. Kisha akaomba tumweleze tulikula nini, na tulipofika kwenye gulab jamun alitaka kujua kama shira ilikuwa na zafarani. Haikuwa nayo. Akatikisa kichwa, akageukia ukutani kulala.

Nilirejea Unguja kesho yake kwa boti ya mchana. Mjukuu wangu, mwenye miaka tisa, alinipokea akitaka kujua kama manowari inapiga risasi. Nikamwambia anitajie kwanza sehemu za jahazi, ndipo nimpe habari za manowari. Akataja tanga na usukani, akanyamaza, akaongeza injini. Baba alikuwa na msemo aliourudia kila tulipomchokoza kwa maswali: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mjukuu hakujua tezi, wala omo, wala ngama.

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya Alasiri tunakwenda Malindi, mimi na yeye, tunakaa juu ya kamba kuukuu karibu na majahazi yanayopakua mkaa na boriti. Mabaharia wameshatuzoea, mmoja wao humpandisha mtoto ndani amwonyeshe kwa mkono. Tulianza na omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Kisha mkuku, mataruma, mlingoti, ngama. Wiki hii tumefika kwenye foromali.